Kulala Hemani Wakati wa Mvua Kubwa na Dhoruba: Mwongozo Kamili

Niliamshwa na kiatu. Kilikuwa kikigonga ukuta wa hema taratibu, kikitulia, kikigonga tena, kama mgeni mwenye haya. Nilipowasha tochi na kufungua zipu nikakuta viatu vyangu vyote viwili vinaogelea kibarazani. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Vyangu havikuundwa kwa kazi hiyo, lakini usiku ule vilielea vizuri tu.

Ajabu ni kwamba paa halikuvuja hata tone. Hema lilikuwa imara na kamba zote nilikuwa nimezikaza. Kosa langu lilikuwa moja: nilipenda kijiuwanja cha nyasi laini, tambarare, bila kujiuliza kwa nini nyasi zake ni za kijani kuliko za pembeni. Nilikuwa nimelala ndani ya bakuli.

Tangu hapo nina imani moja kuhusu kulala nje kwenye mvua. Maji yanayotoka juu ndiyo rahisi kuyazuia. Yanayokukesheza ni yanayopita chini, na yale unayoyatengeneza mwenyewe humo ndani kwa pumzi na nguo mbichi. Tena mengi yanayoamua kama utalala ama utakesha hufanyika mchana, mbingu ikiwa bado kavu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ya mchana.

Hatua ya 1: Soma utabiri kwa namba

Dalili ya mvua ni mawingu, ila mawingu hayakwambii ni mvua kiasi gani. Utabiri unakwambia, ukijua kuusoma. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba. Chukua hema ambalo paa lake limefunika mita 6 za mraba, kisha mvua ya milimita 40 inyeshe usiku mmoja. Hizo ni lita 240, yaani ndoo 12 za lita 20, zinamwagwa kuzunguka kitanda chako. Hapo bado hujahesabu yanayoteremka kutoka mlimani. Ukiliona jambo kwa ndoo namna hiyo, unaanza kutazama ardhi kwa jicho jingine.

Angalia upepo pia, na usiishie kwenye kasi ya wastani. Tafuta kasi ya vishindo, ule upepo unaokuja kwa mikupuo, kwa kuwa huo ndio unaovunja fito. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo huongezeka mara nne. Hema lililosimama bila wasiwasi kwenye kilomita 30 kwa saa hukutana na kitu kingine kabisa kwenye kilomita 60. Katika kasi hiyo vitawi vya miti huanza kukatika, na mimi huwa naahirisha safari. Sioni aibu. Mlima hautahama.

Mambo mawili zaidi. Ukipanda, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo utabiri wa mji ulio bondeni usiubebe kama ulivyo hadi kileleni. Na kama utalala karibu na mto, soma pia utabiri wa kule mto unakotoka. Mvua inayoweza kukuondoa haina lazima ya kunyesha mahali ulipo.

Mwachie mtu taarifa: unalala wapi, unarudi lini, na saa ngapi aanze kuulizia asipokusikia.

Hatua ya 2: Kagua hema ukiwa bado nyumbani

Kwenye maelezo ya hema kuna namba ya milimita inayoonyesha kitambaa kinavyohimili maji. Maana yake ni urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kinaweza kuibeba kabla maji hayajaanza kupenya. Kwa paa, milimita 1,500 inatosha mvua nyingi, na 3,000 inakupa utulivu zaidi. Sakafu inahitaji namba kubwa kuliko paa, kwa sababu goti au kiwiko chako hukandamiza kitambaa kwenye udongo uliolowa kwa nguvu ambayo tone la mvua halina.

Lakini usirogwe na namba. Mahema mengi huvuja kwenye mishono, si kwenye kitambaa. Simamisha hema uani, lielekezee mpira wa maji kwa dakika 20, kisha ingia ndani na tochi utafute matone. Palipolowa paka gundi ya mishono, ukizingatia aina ya kitambaa: kilichopakwa silikoni hushika gundi ya silikoni tu, na kilichopakwa poliuretheni kina gundi yake. Ukikosea, gundi itabanduka kama ganda.

Tazama pia paa la nje linashuka hadi wapi. Linapaswa kukaribia ardhi. Kuna mahema yenye paa kama kofia, limefunika utosi tu, na hayo ni ya kulalia chini ya nyota. Mvua ya dhoruba haianguki wima. Huja kiubavu, na ikigonga ardhi huruka na matope yake.

Vigingi vinavyokuja na hema, vile vyembamba kama waya, viache nyumbani. Udongo ukilowa huvitema. Chukua virefu, vyenye mbavu tatu au vilivyokunjwa kama mfereji, na vya ziada vinne. Ongeza mita 15 za kamba na turubai jepesi la mita 3 kwa 3 au 3 kwa 4. Ningelazimishwa kubaki na kifaa kimoja tu cha mvua zaidi ya hema, ningebaki na turubai hilo. Bila turubai utapika umejikunyata na utavua viatu kwenye mvua, na ukishachoka na mambo hayo utaingia hemani na maji yote uliyonayo mwilini.

Ukitandika karatasi au turubai chini ya hema kulinda sakafu, lisijitokeze nje hata kidogo. Likijitokeza hudaka maji ya paa na kuyapeleka moja kwa moja chini ya mgongo wako. Likunje kingo ziingie ndani kwa upana wa kiganja.

Hatua ya 3: Funga mzigo ukijua kuwa begi litalowa

Kifuniko cha mvua cha begi husaidia nusu. Maji huteremka mgongoni na kuingia kupitia mikanda. Kinga ya kweli iko ndani: mfuko mkubwa mzito wa plastiki unaolijaza begi zima, mdomo wake ukisokotwa na kufungwa. Ndani yake, begi la kulalia na nguo za usiku viwe na mfuko wao wa pili usiopitisha maji.

Nguo hizo za usiku zina sheria yake, na sheria hiyo haina huruma: hazitoki nje ya hema. Soksi, suruali, fulana na sweta la kulalia havivaliwi kwenda kuchota maji, wala kukaza kamba, wala kuonja kama mvua imepungua. Asubuhi unazivua, unazifunga, unavaa tena zile mbichi za jana huku unalaani. Dakika tano za karaha, kisha mwili unazipasha moto. Anayevaa nguo kavu asubuhi ili ajisikie vizuri huwa na seti mbili mbichi ikifika jioni.

Usibebe pamba. Ikilowa hushika maji, haikaushwi na mwili, na hunyonya joto lako. Sufu hubaki na joto hata ikiwa na unyevu, na poliesta hukauka upesi. Begi la kulalia la manyoya ya bata ni jepesi na lina joto sana, ila likilowa husinyaa na kubaki kama kitambaa kitupu. Kwa safari ya siku nyingi za mvua, la nyuzi za kutengenezwa kiwandani linakusamehe makosa mengi.

Hatua ya 4: Chagua mahali, na usiwe na haraka

Fika ukiwa umebakiwa na muda wa saa mbili kabla giza halijaingia. Atakayefika magharibi atalala popote, na popote ndipo maji yanapokaa.

Anza kwa kutazama juu. Tafuta matawi makavu, miti iliyokufa imesimama, na matawi yaliyovunjika yakanaswa katikati. Upepo wa dhoruba huyashusha, na hakuna hema linalozuia gogo. Mti mzima wenye majani mengi nao ukilowa huwa mzito. Ukiwa na shaka, sogea umbali unaozidi urefu wa mti huo.

Kisha tazama chini, kwa makini zaidi. Ardhi huwa imeandika mvua iliyopita. Matope yaliyokauka na kupasuka vipande vipande yanasema hapa palikuwa dimbwi. Majani makavu na vijiti vilivyojipanga kwa mistari, au nyasi zilizolala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, vinasema maji yalipita hapa yakiwa na kasi. Takataka zilizonaswa kwenye vichaka kwa urefu wa kiuno zinakwambia mafuriko yalifika kiuno. Udongo ulioshindiliwa na wapiga kambi wa miaka mingi nao ni mtego, kwa kuwa haunywi maji tena na katikati umebonyea. Panafaa zaidi pembeni ya hapo, penye majani yaliyooza na udongo mwepesi.

Usipokuwa na uhakika, mwaga chupa ya maji pale unapotaka kulaza kiuno chako. Yakinywewa, vizuri. Yakitiririka, fuata uone yanakwenda wapi. Yakisimama na kukutazama, hama.

Usitafute utambarare kamili. Mteremko mdogo unaohisiwa kwa shida ndio bora, nawe utalala kichwa kikiwa juu.

Kuhusu mito, sheria ya kukaa angalau mita 60 kutoka majini ni mwanzo tu, maana kimo ni muhimu kuliko umbali. Mita 100 za tambarare ya mchanga kando ya mto ni karibu kuliko mita 30 zilizo juu ya ukingo. Korongo kavu usilale ndani yake kamwe, hata anga likiwa safi, wala kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto. Halafu jiulize swali ambalo wengi hulisahau: maji yakipanda, mto utakuwa kati yangu na njia ya kutokea? Kama ndiyo, vuka leo ukalale ng'ambo.

Chini ya mteremko mkali nako si salama. Miti iliyoinama, nyufa kwenye udongo, na malundo ya mawe na kokoto yaliyotandazwa kama kipepeo cha kupepea moto ni alama za maporomoko ya zamani, na yatarudia njia ileile.

Kileleni kuna upepo na radi. Bondeni kuna maji na hewa ya baridi inayotuama. Ninachokitafuta ni ngazi ndogo katikati ya mteremko mpole, upande uliopewa kisogo na upepo, penye vichaka au miti mifupi yenye kimo kinacholingana. Mara nyingi mahali hapo hapana mandhari yoyote. Ndiyo bei yake.

Hatua ya 5: Simamisha hema

Elekeza ncha nyembamba au iliyo chini zaidi kule upepo unakotoka, na mlango upande wa pili. Ubavu mpana ukitazamana na upepo utageuka tanga.

Kama mvua imeshaanza, mpangilio wa kazi ni huu:

1. Funga turubai kwanza kati ya miti miwili, upande wa upepo ukiwa chini. Mzigo wote uwe chini yake.
2. Toa hema tu. Begi libaki limefungwa.
3. Kama hema lako linaruhusu paa la nje kutangulia, fanya hivyo kisha ning'iniza hema la ndani chini yake. Kama haliruhusu, unganisha kila kitu chini ya turubai halafu libebe likiwa zima hadi mahali pake.
4. Pigilia kwanza kigingi cha upande wa upepo, na usiache kulishika hema hadi vigingi viwili viwe ndani.
5. Futa sakafu kwa kitambaa. Godoro na begi la kulalia vinaingia mwisho, nguo mbichi zikiwa zimeshavuliwa kibarazani.

Fanya zoezi hili mara mbili nyumbani. Nilishamwona mtu akisoma karatasi ya maelekezo chini ya mvua, na karatasi ikamalizika kabla ya maelekezo.

Kigingi kiingie kikiwa kimeinama, kichwa kikitazama mbali na hema, na kizame hadi kibaki kijisehemu cha kushikia kamba. Udongo ukiwa tope, tumia vigingi viwili kwa kamba moja, au weka jiwe zito juu yake. Kwenye mchanga, funga kamba katikati ya gogo fupi au mfuko uliojaa mchanga, kisha uzike kwenye shimo la kina cha mkono. Kamba zote za paa zifungwe, hata zile zinazoonekana kama mapambo. Hema bila kamba zake huutegemea ufito pekee.

Nailoni hunyonya maji na kulegea. Hema lililokazwa mchana likalegea usiku halina kasoro. Toka baada ya nusu saa ya mvua ukalikaze tena, na mara nyingine kabla ya kulala. Paa lililolegea hugusa hema la ndani, na pale linapogusa ndipo maji huingilia.

Kwa turubai, kuna mbinu ndogo isiyogharimu kitu. Maji hutembea juu ya kamba hadi ndani. Funga kipande cha uzi kwenye kamba, sentimita chache kabla haijafika turubai, kining'inie. Maji yakifika hapo hushuka na uzi. Na hakikisha kona moja ya turubai iko chini kuliko nyingine, ili maji yasijikusanye yakatengeneza tumbo. Maji ya kona hiyo unaweza kuyakinga kwa sufuria. Kumbuka tu kuyachemsha.

Kuchimba mfereji kuzunguka hema ni desturi ya zamani ninayoipinga. Unaumiza ardhi, unafungua njia ya mmomonyoko, na kama mahali panahitaji mfereji, basi mahali penyewe ndipo tatizo.

Hatua ya 6: Pambana na maji ya ndani

Watu wawili wakilala hemani hutoa kwa pumzi na jasho maji yanayozidi vikombe viwili usiku kucha. Mvuke huo ukikuta paa la baridi hugeuka matone, nawe unaamka asubuhi ukilaani kuwa hema linavuja. Kuna namna ya kujua. Matone yakiwa yametapakaa kote ni jasho la hema. Yakiwa yamejipanga kwenye mstari mmoja ni mshono unaovuja.

Kinachotakiwa kinapingana na hisia zako: fungua. Acha vitundu vya hewa wazi, na zipu ya mlango upande uliokingwa iwe wazi kidogo juu na kidogo chini ili hewa izunguke. Nguo mbichi zikae kibarazani au kwenye mfuko uliofungwa. Usiuzamishe uso ndani ya begi la kulalia, maana pumzi yako yote itaingia kwenye nyuzi zake. Weka kitambaa kidogo cha kunyonya maji mfukoni mwa hema na upitishe kwenye paa kila ukiamka.

Kupika, moto na maji ya kunywa

Usipike ndani ya hema lililofungwa, wala usiingize mkaa au jiko ili kupasha joto, hata kwa dakika chache. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Hukuletea usingizi mtamu usio na asubuhi. Kitambaa cha hema nacho hushika moto kwa sekunde. Pika chini ya turubai lililo juu, pembeni zikiwa wazi.

Panga vyakula visivyohitaji kupikwa kwa walau mlo mmoja zaidi ya unavyodhani. Dhoruba huwa haina ratiba ya chakula.

Ukiruhusiwa kuwasha moto mahali hapo, usihangaike na kuni zilizolala chini. Zimelowa hadi kiini. Tafuta matawi makavu yaliyonaswa juu au mti mdogo uliokufa umesimama. Lipasue gogo, kwa kuwa ndani mara nyingi ni kavu, kisha chonga vijiti kwa kisu vibaki na maganda membamba yaliyojikunja kama manyoya. Panga jukwaa la vijiti juu ya tope, moto ukae hapo. Pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, ikiwekwa kwenye kikopo, huwaka kwa dakika kadhaa hata kukiwa na unyevu. Hapo tu ndipo pamba ina kazi kwenye mvua.

Mto ukifurika maji yake hujaa udongo na kuziba vichujio. Yaache yatuame kwenye sufuria, chuja kwa kitambaa, kisha yachemke kwa nguvu dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000.

Radi

Hapa naomba usipitie haraka. Hema halikukingi na radi. Fito za alumini haziivuti kwa namna ya pekee, lakini kitambaa na fito havikusaidii chochote pia. Kinga ya kweli ni jengo imara au gari lenye bodi na paa la chuma, madirisha yakiwa yamefungwa.

Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Ukipata chini ya 30, dhoruba iko ndani ya kilomita 10 na ni wakati wa kuwa umeshakimbilia gari au jengo. Usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Radi hupiga pia mbali na mvua yenyewe, hivyo kutolowa si dalili ya usalama.

Huna gari wala jengo? Shuka kutoka kileleni, ondoka uwanja wazi, majini, na penye mti uliojitenga. Mdomo wa pango dogo nao ni hatari. Nenda penye miti mifupi inayolingana kimo, ukae mbali na mashina. Kundi litawanyike, angalau mita 15 kati ya mtu na mtu, maana umeme husambaa ardhini na kuwaangusha waliokaa pamoja. Akibaki mzima hata mmoja, ataweza kuwasaidia wengine. Chuchumaa juu ya mkeka au begi, miguu ikiwa imegusana. Mkao huo hupunguza hatari tu, na ni wa mtu aliyeishiwa njia nyingine zote.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mshike bila hofu. Akiwa hapumui kawaida wala haitikii, anza mara moja kukandamiza katikati ya kifua chake, mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, huku mwenzako akiita msaada.

Kujua saa ya kuondoka

Kabla ya kulala weka tochi ya kichwani, koti la mvua, viatu, simu na ufunguo mahali pamoja, pale mkono unapofika gizani. Jua kwa miguu yako, wala si kwa kukisia, njia ya kufika mahali pa juu.

Fito zikianza kupinda hadi kugusa uso wako, kaa ukiegemeza mgongo upande wa upepo wakati mwenzio akikaza kamba nje. Ufito ukivunjika, ushushe hema zima, ujifunike nalo kama blanketi, au uhamie garini. Hema lililolala halichaniki kirahisi.

Kwa maji hakuna kusubiri. Mto ukibadilika rangi ghafla kuwa wa matope, ukianza kubeba matawi, au ukisikia mvumo mzito kutoka juu kama wa lori linalokaribia, toka na watu wako, acha hema, panda juu. Kiatu kimoja kikibaki, kibaki. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima; sentimita 30 huyasomba magari mengi madogo, na 60 karibu magari yote. Usiyavuke, usiku ndiyo usithubutu kabisa.

Baridi inayokuja polepole

Wengi hudhani baridi huua penye barafu tu. Mtu aliyelowa huweza kuishiwa joto hata kwenye nyuzi 10 na zaidi, kukiwa na upepo, kwa kuwa maji huondoa joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hiyo ni haipothemia. Mtambue mwenzako mapema: anatetemeka, anashindwa kufunga zipu, anajikwaa, maneno yanamponyoka, anakuwa mkali bila sababu. Yeye mwenyewe atakwambia yuko sawa. Usimsikilize.

Mtoe kwenye upepo, mvue nguo zote mbichi, mfute, mwingize kwenye begi kavu la kulalia juu ya mkeka, kichwa kikifunikwa. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye soksi ziwekwe makwapani, kifuani na kwenye kinena. Akiwa na fahamu nzuri na anameza bila shida, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Pombe hapana, kwani hupanua mishipa ya ngozi na kupoteza joto zaidi. Usimsugue mikono na miguu. Akiacha kutetemeka ilhali bado ni baridi na amechanganyikiwa, hali imekuwa mbaya: mshughulikie polepole bila kumtingisha, na tafuta uokoaji.

Miguu nayo ina haki yake. Kila jioni ifute, iache ipumue, vaa soksi kavu za usiku. Miguu inayokaa mbichi siku mbili tatu huvimba, hufa ganzi na kuuma.

Asubuhi na baada ya kurudi

Fungasha kwa mpangilio wa kinyume: vitu vya ndani vyote viingie kwenye mfuko wa plastiki wakati paa la nje bado limesimama, ushushe hema la ndani likiwa kavu, na paa la nje liwe la mwisho. Likung'ute, ulitie kwenye mfuko wake peke yake, nje ya begi. Paa bichi na hema kavu vikikaa mfuko mmoja, usiku wa pili utalala kwenye sponji.

Ukifika nyumbani, hema lianikwe siku hiyohiyo, kivulini, hadi mishono na mikanda ikauke kabisa. Siku chache za kukunjwa likiwa bichi zinatosha kuota ukungu, na upako wa poliuretheni unaokaa na unyevu mara kwa mara huoza, ukawa unanata na kunuka kama matapishi. Matope yaoshe kwa maji matupu na sponji, bila sabuni ya unga, kwa kuwa sabuni huondoa kinga ya maji. Safisha zipu kwa mswaki wa zamani. Kagua kila ufito kama una ufa, halafu hesabu vigingi. Kimoja kitakuwa kimebaki kule kwenye tope. Andika ununue viwili.